Saa Nne ya Maktaba ya Si

Ofisi ya kampuni ya chumvi kule Gongoni ilikuwa na wakuu wawili. Wa kwanza alikuwa mkuu kwa cheo: Bwana Kioko, mtu wa Machakos, msimamizi wa ofisi, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Wa pili alikuwa mkuu kwa jina tu. Huyo ni Bwanamkuu Mahadhi, karani, mwenyeji wa Malindi mtaa wa Shela, ambaye wazee wake walitoka Siyu na mwenyewe hakuchoka kukukumbusha. Mgeni akiingia kumuulizia bwana mkuu, mlinzi humwelekeza kwa karani, na karani humpa kiti, humsikiliza haja zake mpaka mwisho, ndipo amwambie kwamba anayemtaka yuko chumba cha pili. Kioko alimwomba mara nyingi aache mchezo huo. Bwanamkuu akajibu kwamba jina alipewa na babake, na mwenye malalamiko ayapeleke makaburini.

Maisha yake alikuwa ameyaanza na redio. Ujanani huko Mombasa alijifunza kutengeneza redio, zikafuata taipureta, zikafuata mashine za kujumlishia, na kila alichokifungua alikifunga tena, ingawa mara nyingine skrubu moja mbili zilibaki kiganjani naye akasema hizo zilikuwa za ziada tangu kiwandani. Gongoni alikwenda kuitengeneza mizani ya kupimia magunia, akabaki. Kampuni iliponunua kompyuta kuukuu ya mtafiti mmoja Mzungu, aliyekuwa akipima mikondo ya bahari na sasa anarudi kwao, hakuna aliyejiuliza ni nani atakayeiwasha. Bwanamkuu alikuwa ameshaifungua mfuniko kabla haijakaa sawasawa mezani.

Pamoja na kompyuta ile kilikuja kijitabu chembamba na diski moja, na ndani ya diski mlikuwa na lugha ya kuiamrishia mashine, iitwayo Forth. Lugha hiyo haikuwa na watu wengi. Aboud, mtoto wa ami yake Bwanamkuu, aliyefanya kazi za kompyuta Mombasa, alipotajiwa jina la lugha hiyo kwenye simu alicheka mpaka mwenye zamu ya simu akamwuliza kama amemaliza. Lakini Bwanamkuu aliipenda kwa sababu moja. Lugha nyingine zinakuja na maneno yao ya Kiingereza, nawe huna budi kuyashika kama yalivyo. Hii ilikuja na maneno machache tu, na yaliyobaki ikakuachia uyatunge mwenyewe. Ukishaieleza kwamba CHOTA ni kufanya hivi na hivi, basi tangu siku hiyo inajua kuchota, na neno lako linaingia katika kamusi yake na kukaa na wenzake bila kuulizwa limetoka wapi.

Akatunga PIMA, akatunga MWAGA, akatunga CHAPA. Akatunga SAA, neno lililopokea nambari na kuiandika vizuri, saa moja mpaka saa kumi na mbili. Baada ya miaka michache mashine ile ilijua Kiswahili kumshinda Kioko, na Bwanamkuu hakuwa mtu wa kulisema jambo kama hilo mbele ya watu, ila pale watu walipokuwapo.

Matunda ya maneno hayo yalikuwa karatasi moja kila asubuhi. Bwanamkuu aliichapa, akaibandika kwenye ubao nje ya ofisi, na karatasi ikaeleza jaruba lipi limeiva, yaani lipi kati ya yale mashamba ya maji ya bahari limekauka likaacha chumvi ya kukokotwa. Kundi lipi lianzie wapi. Zamu ibadilishwe saa ngapi. Zamani habari hizo ziliandikwa Kiingereza, na wanawake wakokotaji walingoja karani mmoja atoke kuwasomea, naye alitoka akishamaliza chai. Sasa alisoma Kanze. Kanze alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Marafa, aliyejifunza kusoma ngumbaru, ukubwani, akiwa tayari na wajukuu. Alisimama mbele ya ubao, akajifunga leso upya, akaisoma karatasi nzima kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na tarehe, hata kama hakuna aliyeuliza tarehe. Wenzake walisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao majarubani. Bwanamkuu huwa dirishani wakati huo, akijifanya anatafuta kalamu.

Mwaka wa 1988 Kioko akaleta habari. Nairobi kulikuwa na programu iliyokwisha kutengenezwa, ya Kiingereza safi, inayofanya kazi zote za ofisi, na juu ya hayo inajua nyakati za maji kujaa na kupwa. Hapo ndipo palipouma. Kampuni iliishi kwa maji ya bahari: kulikuwa na pampu kubwa ya umeme kule horini, mkono wa bahari ulio nyuma ya mikoko, na swichi yake ilikuwa ukutani ofisini, iliwashwa maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, bahari inapopanda kuliko siku zote. Nyakati zenyewe zilitoka katika kijitabu kutoka bandarini, ambacho kila mwaka kilichelewa kufika. Forth ya Bwanamkuu ilijua mengi, lakini bahari haikuijua.

Mkurugenzi, Bwana Kambi, mzaliwa wa Rabai mwenye ofisi yake Mombasa, akaamua mambo kwa kifupi. Atakuja Gongoni siku ya bamvua. Mashine ikiweza kusema maji yatajaa saa ngapi, na pampu ikawashwa saa hiyo mbele yake, programu ya Kiswahili ibaki. Isipoweza, Kioko aifute diski na aweke ile ya Nairobi. Bwanamkuu alisema sawa kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, akatoka, akaenda kukaa chooni kwa muda.

Hesabu ya bahari si ya mchezo. Mna mwezi ndani yake, mna jua, na mambo mengine mengi yanayovutana. Bwanamkuu akampigia simu Aboud, na safari hii Aboud hakucheka. Alisema kazi hiyo ilishafanywa zamani na watu wenye akili zao, imekaa tayari katika maktaba, yaani mkusanyo wa programu za kuazima, haina haja ya kuandikwa upya; shida ni kwamba maktaba yenyewe iliandikwa kwa lugha ya C, ile herufi inayotamkwa si. Mtu wa lugha nyingine akitaka kuitumia, yambidi aijengee mkalimani: kijiprogramu cha kusimama mlangoni kati ya lugha mbili, kupeleka maswali kule na kurudisha majibu huku. Kitendo hicho, akasema Aboud, ndicho kinachoitwa kuita maktaba. Akampa diski dereva wa lori, diski ikafika Malindi ikinuka embe.

Kuluthumu, mkewe Bwanamkuu, alimkuta mumewe ukumbini na karatasi zimemzunguka, akisema peke yake. Akamuuliza kulikoni.

"Naita maktaba."

"Maktaba gani?"

"Ya Si."

"Si ya nani?"

"Si ya mtu. Ni ya Si."

Kuluthumu akaweka chini ungo wa mchele. "Mara ni, mara si. Baba Mwanasiti, hiyo maktaba ipo ama haipo?"

Bwanamkuu akamweleza kwa urefu kwamba ipo, ila haina jengo, haina rafu, na wala haina kitabu hata kimoja. Kuluthumu akasema basi haipo, akauchukua ungo wake, na jioni hiyo hiyo mtaa mzima wa Shela ukapata habari kwamba mume wa Kuluthumu anaita maktaba na maktaba haiitiki.

Na kweli haikuitika. Kwa majuma kadhaa Bwanamkuu aliita, nayo mashine ikajibu jibu moja, mawili, kisha ikaganda, kioo kimya, mpaka izimwe na kuwashwa upya. Alifungua kijitabu, akafunga. Alipunguza kula. Jawabu lilikuja siku shemeji yake Khamisa alipowatembelea pamoja na watoto wake. Wageni walikula pilau, wakanawa, wakaomba dua, wakaenda zao, na sahani zikabaki zimerundikana mkekani, maana mgeni hatoi vyombo. Bwanamkuu alilikodolea macho rundo lile hata Kuluthumu akadhani anamsema mdogo wake kimoyomoyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Forth huweka nambari zake zote juu ya rundo, moja juu ya nyingine, kama sahani. Zamani Bwanamkuu aliwahi kuita programu ya lugha nyingine, ya kuendeshea printa, na mgeni yule alikuwa na tabia ya kuosha vyombo vyake mwenyewe kabla ya kuondoka. Kwa hiyo mkalimani wake alingojea maktaba ya Si nayo ifanye vivyo hivyo. Kumbe Si ni mgeni wa kweli: inakula, inanawa, inaondoka, sahani ni zako wewe uliyeita. Zikarundikana kila ilipoitwa mpaka zikaporomoka. Bwanamkuu akamwandika mkalimani upya, safari hii awe anaondoa vyombo mwenyewe, na Jumatatu iliyofuata maktaba ikaitika, ikaitika tena, ikaitika mpaka akachoka kuita.

Akaitisha saa ya maji kujaa mchana wa siku ya bamvua. Maktaba ikajibu: 16. Akafungua kijitabu cha bandarini, ambacho mwaka huo kilikuwa kimefika kwa bahati, akaweka kidole juu ya siku hiyo: 16. Aliguta kwa furaha hata Kioko akatoka chumbani kwake kuona ni nani ameumia. Halafu, kwa vile hakuna mtu Gongoni ajuaye saa kumi na sita, Bwanamkuu akaikabidhi nambari kwa neno lake SAA, kama alivyozoea. SAA ikaona inazidi kumi na mbili, ikapunguza kumi na mbili, kama ilivyofundishwa, na CHAPA ikachapa kwa herufi za kupendeza: Maji kujaa, saa nne.

Karatasi ikabandikwa. Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa kati ya Ngomeni na Takaungu, hata asiyejua kuogelea, anajua kwamba siku ya bamvua bahari huwa imekwenda mbali kabisa saa nne asubuhi. Lakini karatasi ile ilikuwa haijawahi kuwadanganya tangu ianze kusema. Mramba, mlinzi wa pampu, aliisoma mara mbili, akamuuliza karani kama ana hakika. Karani akamwambia kwamba hesabu hii ina mwezi ndani yake na jua. Mramba akasema kama jua nalo limehusishwa yeye hana neno.

Asubuhi ya siku yenyewe Bwanamkuu alivaa kanzu ya Idi chini ya koti. Alipotoka Shela alipishana na wavuvi wa pweza, vijiti begani, wakiteremka mwambani kwenda kuwatafuta mashimoni, kazi ambayo haifanywi ila maji yakiwa yametoka. Akawapa salamu, wakaitika, akawatakia riziki njema. Mwana wa Siyu, mjukuu wa manahodha, akapita akifikiria mpangilio wa hotuba yake.

Bwana Kambi alikuwa amefika na suruali nyeupe. Kioko aliwapanga wafanyakazi wote mstari mmoja mbele ya ofisi, na Mramba akiwamo, ametolewa horini na kuvishwa shati safi, hivyo huko kwenye pampu hakukuwa na mtu wa kuona chochote. Bwanamkuu akahutubia. Alieleza Forth, akaeleza Si, akaeleza mkalimani na sahani za Khamisa, na saa nne ilipokaribia akamwomba mkurugenzi asogee mpaka mdomoni pa paipu, panapomwagia katika mfereji, apate kuona vizuri zaidi. Kisha akaingia ndani, akasema bismillahi, akabonyeza swichi.

Paipu ikanguruma. Ikakohoa. Ikanyamaza kidogo, watu wakanyoosha shingo, halafu ikatema tope zito jeusi la mikoko, pamoja na kaa mmoja aliye hai, na vyote vikampata Bwana Kambi kuanzia kiunoni kwenda chini. Kaa akashuka mguuni taratibu, akaelekea majarubani. Mramba alikuwa wa kwanza kukimbilia swichi.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kicheko. Kioko alileta kitambaa, akafuta, akazidi kupaka. Kwa sauti ya chini, ya mtu anayempa mwenzake pole, alimwambia Bwanamkuu kwamba mchana huohuo ataifuta diski. Bwanamkuu alitazama ule ubao na karatasi yake, na moyo ukamuuma, kwa kuwa mashine ilikuwa imesema uongo kwa maneno aliyoifundisha yeye.

Aliyeokoa siku ni suruali. Mkurugenzi hawezi kurudi Mombasa akinuka mikoko. Kanze akaichukua suruali akaifua kisimani, na Mramba akatoa kikoi chake cha kubadilishia. Bwana Kambi akajifunga, akaletewa kiti kivulini pa ofisi, akapewa madafu, akawa hana pa kwenda. Alikuwa mtu mpole kiasi, na kikoi kilimzidishia upole. Bwanamkuu alikaa kwenye kizingiti karibu naye, mikono kwenye magoti, akingoja kufukuzwa.

Mkurugenzi alimuuliza Kanze suruali itakauka saa ngapi. Kanze akatazama jua, akatazama unene wa kitambaa, akasema saa kumi itakuwa tayari. Bwana Kambi akainua mkono, akatazama saa yake, akagusa kioo kwa kidole.

"Saa kumi," akasema. "Si mbali sana."

Bwanamkuu aliona kidole. Mdomo ulisema kumi, na kidole kilikuwa juu ya nne. Alikuwa ameliona jambo hilo kila siku ya maisha yake, kwa kila mtu mwenye saa ya mkono pwani nzima. Yeye mwenyewe hutazama nne akasema kumi, hutazama tatu akasema tisa, wala hajui kama anafanya hivyo. Akainuka. Akauomba mkono wa mkurugenzi kama mtu anayetaka kuposa, akaitazama ile saa kwa karibu, akaurudisha mkono pale alipoutoa.

"Nilisahau kumuuliza mgeni kwao kunakucha lini," akasema.

Bwana Kambi akamtazama Kioko, Kioko akatazama pembeni. Lakini Bwanamkuu alikwisha kuingia ndani. Miaka yote ile, saa zote zilizoingia katika mashine ziliingia kwa vidole vyake mwenyewe, zikihesabiwa tangu alfajiri kama zinavyohesabiwa na watu, na SAA ikazisema bila kukosea. Maktaba ya Si ilikuwa mgeni wa kwanza kuja na saa zake, na kwao siku inaanza usiku wa manane. Iliposema 16 ilisema kweli. Mkalimani naye aliifikisha nambari salama, akaondoa na vyombo, ila hakuifasiri. Nne ya Si ni kumi ya Gongoni. Na bahari ina ukatili wake: saa sita ndizo zinazotenganisha maji kujaa na maji kupwa, kwa hiyo hangeweza kukosea vibaya kuliko hapo hata angejaribu.

Kioko alimfuata, akasimama nyuma ya kiti. Alikwisha kuelewa, maana hakuwa mjinga, na kwa haki alitoa shauri alilolidhania kuwa jema: hilo neno SAA ndilo lenye kosa, libadilishwe, lihesabu tangu usiku wa manane kama mashine nyingine zote duniani. Bwanamkuu akasema hapana. Akibadilisha SAA, zamu zote zitakwenda mrama, na kesho wanawake watakwenda majarubani usiku. Mwenyeji habadilishi nyumba nzima kwa ajili ya mgeni mmoja. Akamfungua mkalimani, akamwongezea kazi moja mlangoni: nambari ya saa ikitoka kwa Si, ipunguzwe sita kwanza, ndipo ipite. Akaita. Maktaba ikaitika. Maji kujaa, ikachapa, saa kumi.

Aliiondoa karatasi ya zamani ubaoni akabandika mpya, na mara hii, kabla ya jambo lingine lolote, akakunja kanzu akaenda kwa miguu mpaka horini kutazama. Maji yalikuwa yanarudi, yamekwisha kufika kwenye mizizi ya mikoko.

Saa kumi akabonyeza swichi. Hakumwomba mtu yeyote asogee. Paipu ikanguruma, ikatema tope kidogo lililosalia, na baada yake maji yakaja, mengi, safi, ya bahari, yakaujaza mfereji yakakimbia kuelekea majarubani. Mramba alipiga makofi peke yake, akaacha.

Suruali ilikuwa imekauka, Kanze ameileta imekunjwa, lakini Bwana Kambi alikuwa bado na kikoi. Kioko akasema maji yamekuja, na yeye anafurahi; hata hivyo jambo la asubuhi limeonyesha hatari ya kuwa na mashine yenye hesabu yake peke yake. Dunia nzima inahesabu saa namna moja. Programu ya Nairobi isingalikosea. Alisema kwa utaratibu, na maneno yake yalikuwa na maana, na Bwanamkuu akayasikia yakimwingia mkurugenzi.

Bwana Kambi akafikiri. "Jana ulinipigia simu," akamwambia Kioko. "Ulisema nifike saa ngapi?"

"Saa tatu, bwana."

"Nami nikafika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Ningefuata hesabu ya hiyo dunia nzima, ningefika mmelala."

Kioko akacheka, mwanzo kwa shida, halafu kweli, na ndipo kicheko kilichozuiliwa tangu asubuhi kikawatoka wote kwa pamoja, hata wale waliokuwa hawakusikia kilichosemwa. Mkurugenzi akasema mashine iko Gongoni, basi iseme kama watu wa Gongoni. Ya Nairobi inaweza kufanya hesabu za ofisi, humo ndani, kama Kioko anaipenda sana. Karatasi ya nje ibaki ilivyo. Akainuka kwenda kuvaa suruali yake.

Bwanamkuu alitaka kusema kitu. Alikuwa na hotuba nyingine tayari, ya shukrani, yenye beti mbili ndani yake, lakini machozi yakawa karibu, akaona afadhali aingie ndani kuchapa karatasi ya kesho. Alipotoka nayo, Kanze alikuwa amesimama ubaoni na wenzake, wanangoja lori la kuwarudisha makwao. Kanze aliichukua karatasi mkononi mwake kabla haijabandikwa. Akajifunga leso upya, akaanza juu kabisa, kwenye tarehe.

Bwanamkuu alirudi nyuma ya mlango akasimama hapo. Kutwa nzima alikuwa amewaambia watu, na kujiambia, kwamba anachoogopa ni aibu, na kwamba anachokipigania ni mashine na lugha yake isiyo na watu. Sauti ya Kanze ikaendelea nje, polepole, bila kuruka neno, jaruba la tatu, jaruba la tano, zamu saa nane, na akajua kwamba alichokiogopa ni siku ambayo angelikaa dirishani asubuhi asiisikie. Aliisikiliza mpaka mwisho. Lori lilipofika Kanze alikuwa bado hajamaliza, na dereva akangoja.